Goti la Kushoto la Hylkje

"Nina miaka ishirini na mbili naruka mfereji huu, na maji yake hayajawahi kunipita goti. Na hayatanipita!"

Hayo aliyasema Hylkje Wijnalda kwenye kipaza sauti, siku ya sikukuu ya kijiji, mbele ya watu mia nne na bendi ya matarumbeta. Alikuwa na miaka thelathini na minane na bia mbili kichwani. Sisi Wafrisia, watu wa kaskazini mwa Uholanzi, hatusemi maneno ya namna hiyo hadharani. Mtu akijisifu kwetu, watu huinama kutazama viatu vyao kana kwamba kuna aliyejamba. Siku ile zilitazamwa jozi mia nne za viatu.

Siku kumi na tatu baadaye alikata ukano wa goti la kushoto. Majisifu yake yalibaki mazima, maana maji hayakumgusa hata tone. Aliumia ng'ambo, mchangani, alipotua mguu umetangulia na mwili umechelewa. Waliokuwa karibu wanasema ulisikika mlio kama wa karoti ikivunjwa. Mimi nilikuwa mbali kidogo, na bado sikula karoti mwezi mzima.

Mchezo wenyewe ni wa kichaa lakini hauna siri. Upondo wa mita kumi na tatu unasimama katikati ya mfereji. Unakimbia juu ya jukwaa la mbao, unaudandia, unaupanda haraka kama tumbili huku wenyewe ukianguka kuelekea upande wa pili, na unapotua mchangani tunapima umbali. Mababu zetu walivuka hivyo kwenda kuokota mayai ya ndege mabondeni. Sisi tuna madaraja kila baada ya mita mia mbili, na bado tunavuka hivyo.

Hylkje si tajiri wala si mtu wa magazeti. Kazi yake ni kukata kwato. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari lake jeupe linaingia kwenye zizi la mtu, anamfunga ng'ombe kwenye fremu ya chuma, ananyanyua mguu mmoja mmoja, anachonga, anakagua, anaziba kidonda, anamwachia. Ng'ombe sitini kwa siku. Mavazi yake yana harufu ambayo imewakimbiza wanaume wawili wa kuoa na mmoja wa kukopesha.

Lakini jicho! Wakulima wengi wa huku wamewavalisha ng'ombe wao vihisi, vidude vya plastiki mguuni vinavyohesabu hatua na kutuma habari kwenye simu: huyu leo amelala mno, huyu anakanyaga kwa woga. Hylkje hana ugomvi na vidude hivyo. Anapenda tu kuvitangulia. Siku moja aliingia zizini kwa mkulima mmoja, Sietse, hata glavu hajavaa, akasema kutoka mlangoni, "Namba arobaini na tatu, kushoto nyuma."

Sietse akatoa simu. "Simu inasema mzima."

"Simu yako haijanywa kahawa."

Siku ya tatu Sietse akapigiwa kengele na simu yake: arobaini na tatu, kushoto nyuma. Akamwandikia Hylkje ujumbe. Hylkje akajibu, "Imeamka? Isalimie."

Basi mtu huyu, ambaye maisha yake yote ni kutazama miguu ya wengine, ndiye aliyepasuliwa wa kwake. Daktari akamshonea ukano mpya. Msimu mzima ukapita akiwa pembeni ya mfereji na magongo, akiwarushia vijana maneno. Wa pili ulipokaribia, kukawa na mambo mawili ya kumkosesha raha.

La kwanza: katika klabu yetu, ukikaa misimu miwili bila kuruka mita kumi na nne na nusu hata mara moja, jina lako linafutwa kundi la kwanza. Unarudi kuanza na wasichana wa miaka kumi na sita, wanaopaka rangi kucha kabla ya kupanda upondo.

La pili: aliyepasuliwa goti haruhusiwi kugusa upondo mpaka alete karatasi ya fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, inayosema mguu mbovu umefikia asilimia tisini ya mwenzake. Sheria hiyo aliiandika Durk, mwenyekiti, mzee wa miaka sabini na moja aliyemfundisha Hylkje kuruka tangu akiwa binti. Kila mtu humwita Anko Durk, hata asiyempenda.

"Nikitoka kundi la kwanza, nitoke kwa sababu nimeshindwa kuruka," Hylkje alimwambia. "Sitaki kutolewa na karatasi."

"Basi lete karatasi," Durk akasema.

Mwezi wa tano akaenda mjini kwa Rinse. Rinse ni fizio kijana, mtu mpole, na amesoma mpaka mwisho, tofauti na wengine tunaowajua. Hapimi mguu kwa kuukandakanda. Ana vihisi saba, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, anavifunga kwa mikanda: kiunoni kimoja, mapajani viwili, chini ya magoti viwili, juu ya nyayo viwili. Ukitembea, vinaeleza kompyuta kila kiungo kimejikunja kiasi gani na kimekwenda kasi gani.

"Unanivisha kama ng'ombe wa Sietse," Hylkje akasema.

"Ng'ombe wa Sietse anavaa kimoja, dada. Wewe saba."

"Basi natoa maziwa mengi."

Mkanda wa chini ya goti ukawa unateleza, maana mguu ulikuwa umekonda kwa kukaa. Hylkje akachomoa kwenye mkoba wake kipande cha tyubu ya baiskeli. Sisi warukaji hatukosi tyubu. Tunazizungusha miguuni ili mguu ung'ang'anie upondo. Akafunga mwenyewe, fundo la kwake, kihisi kikatulia kama kimepigiliwa msumari. Rinse alitazama vifaa vyake vya bei mbaya vikishikiliwa na mpira wa baiskeli, akarudi kwenye kompyuta.

"Haya," akasema. "Simama kawaida tu. Sekunde kumi, usitikisike."

Hapo sasa ndipo penye kisa. Neno "kawaida" huku kwetu ni kubwa kuliko sheria za serikali. Mtoto akipiga kelele, anaambiwa awe wa kawaida. Bibi harusi akipendeza, sifa yake kuu ni kwamba amebaki wa kawaida. Chakula kikiwa kitamu sana tunasema si cha kawaida, na hilo ni lawama nusu. Ukimwambia Mfrisia asimame kawaida, hatajinyoosha, hatavuta kifua, hatajitia askari. Atasimama vilevile anavyosimama jikoni kwake. Na Hylkje jikoni kwake, tangu apasuliwe, alisimama uzito wote kulia, goti la kushoto limekunjika kidogo, kama mtu anayesubiri kahawa ichemke.

Sekunde kumi zikaisha. Akatembea, akakimbia, akarukaruka kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Kompyuta ikatafuna hesabu. Asilimia tisini na saba.

"Sijawahi kuona," Rinse akasema, na kwa mtu wa huku hiyo ni sawa na kupiga vigelegele. Akachapisha karatasi, akatia sahihi, akaleta kahawa na biskuti. Biskuti moja. Kopo likafungwa, kama ilivyo desturi.

Hylkje akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Kwenye kompyuta kulikuwa na mtu wa vijiti, kichwa duara na miguu mistari, akitembea kwenda na kurudi.

"Nani huyo?"

"Ni wewe. Ule mwendo wako wa sasa hivi."

Hylkje akaacha kutafuna. "Huyo anachechemea."

"Hachechemei, dada. Tazama hapa: goti linanyooka mpaka sifuri, lote. Kushoto sawa na kulia."

"Sijauliza namba. Mrudishe mwanzo."

Rinse akamrudisha. Hylkje akatazama mara tatu, kikombe hewani. "Mguu wa kushoto anaukanyaga kisha anaukimbia. Ona. Kulia anakaa, kushoto anakimbia. Na nyonga inadondoka. Angekuwa ng'ombe ningekuwa nimeshamfunga kwenye fremu."

"Namba zinasema tisini na saba."

"Na mimi ninasema anachechemea."

Mgonjwa mwingine alikuwa mlangoni. Wakaagana. Hylkje akatoka na karatasi yake mfukoni, akapanda gari lake.

Halikuondoka. Rinse alimwona kupitia dirisha: mikono juu ya usukani, injini imezimwa, dakika tano, kumi, ishirini. Fikiria na wewe. Karatasi anayo, sahihi ipo, Durk anasubiri. Mashindano ya kwanza ni baada ya wiki mbili. Hakuna mtu duniani anayejua lolote isipokuwa mtu wa vijiti, na yule hana mdomo. Wengi wetu tungekuwa tumeshafika nyumbani na kufungua bia. Mimi ningekuwa kwenye ya pili.

Mlango ukafunguliwa. "We Rinse," akasema mbele ya mgonjwa aliyelala kifudifudi. "Ile mashine inajuaje goti langu limenyooka?"

"Inalinganisha na ulivyosimama mwanzo. Kule kusimama ndiyo sifuri yake. Ndiyo maana nilikwambia usimame…" Rinse akakwama.

"Uliniambia nisimame kawaida."

"Nilikwambia usimame kawaida," Rinse akarudia, sauti imeshuka.

"Na mimi nikasimama kawaida. Nifunge tena. Safari hii niambie nisimame wima."

Akasimamishwa ukutani, visigino, makalio na mabega vimegusa. Rinse akapiga magoti nyuma yake na rula. Kulia, goti lilinyooka likagusa ukuta. Kushoto, aliposukuma mpaka jasho likamtoka, bado ilibaki nafasi ya vidole viwili. Mashine ilikuwa imeupokea ule upindo na kuuita unyofu. Kila hatua iliyofuata ikapimwa kwa upindo huohuo, ikaonekana safi. Rinse akachukua kipimo chake cha pembe, akalipima goti kwa mkono, akaiandikia kompyuta ukweli: kushoto pamepungua nyuzi nane. Hylkje akatembea tena, akakimbia tena, akarukaruka tena.

Themanini na moja.

"Kosa langu," Rinse akasema.

"Lako na langu. Karatasi hii niichane, au una mashine ya kuchania?"

Alikuwa na mashine. Karatasi ya kwanza ikaingia, ikatoka nyuzinyuzi.

Durk alipopata habari alipanda baiskeli mpaka zizini alikokuwa Hylkje. "Una wazimu? Ungenyamaza tu!"

"Sheria uliandika wewe, anko."

"Sikukuandikia wewe! Niliwaandikia vijana wapumbavu."

"Basi ungeandika hivyo. 'Kwa wapumbavu peke yao.' Ningeisoma." Kisha akaacha mzaha. "Nikiruka na goti lisilonyooka, litakatika tena. Likikatika tena sitarudi, unajua na mimi najua. Nataka kurudi. Sitaki kuonekana tu kwamba nimerudi."

Durk akatazama viatu vyake. Akapanda baiskeli akaondoka.

Hapo ndipo zilipoanza wiki ambazo wakulima bado wanazisimulia. Rinse alimwazima vihisi viwili avivae kazini, kimoja juu ya goti na kingine chini yake. Jioni ya kwanza alimtumia mchoro, na Hylkje akautazama kama mtu aliyeletewa picha ya mumewe na mwanamke mwingine. Siku nzima, kila alipoinuka kutoka kwenye mguu wa ng'ombe, aliinukia kulia. Mara mia mbili na kumi na nne kulia. Kushoto, mara tatu.

Kwa hiyo tatizo halikuwa mazoezi ya nusu saa kwa Rinse. Tatizo lilikuwa saa tisa za kazi zilizokuwa zikifuta ile nusu saa. Akaanza kuinukia kushoto. Jaribu na wewe, na kisu kimoja mkononi na ng'ombe wa kilo mia saba anayekupiga mkia usoni. Siku za kwanza alishika fremu kwa mikono miwili na kutukana kwa Kifrisia, lugha ambayo kwa kutukana ina mpangilio mzuri sana. Wakati wa chakula wengine walikaa na mkate wao. Yeye alilala chali kwenye nyasi kavu, kisigino juu ya ndoo iliyofunikwa, na juu ya goti mfuko wa kilo tano wa unga wa maziwa ya ndama, ili ulivute chini. Dakika kumi na tano, meno yameuma kitambaa. Ng'ombe walikuja kumnusa.

Sietse hakuweza kuacha. "Hylkje! Hivyo vidude vyako vinatuma habari kwenye simu kama vya ng'ombe wangu?"

"Vinatuma."

"Vya kwangu vinaniambia pia ng'ombe akitaka dume. Rinse naye anapigiwa kengele?"

"Akipigiwa wewe hutapewa habari," Hylkje akajibu kutoka chini ya mfuko wa unga. "Mbegu yako ilishakwisha muda."

Zizi zima lilicheka, hata mke wa Sietse, hasa mke wa Sietse.

Katikati ya mwezi wa saba akapimwa tena. Kabla ya yote Rinse alimsimamisha ukutani na kupima mwenyewe kwa kipimo cha pembe, mara mbili, bila kutumia neno kawaida. Themanini na nane.

"Mbili tu," Rinse akasema. "Dada, kipimo chenyewe kinaweza kukosea kwa mbili. Nikiandika tisini sitakuwa nimesema uongo."

"Kinaweza kukosea kwenda juu, au kwenda chini?"

"Kote kote."

"Basi huenda ni themanini na sita. Tuonane wiki tatu zijazo."

Wiki tatu zile zilikula mashindano mawili. Likabaki moja, la mwisho la msimu, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Siku nane kabla yake, tisini na mbili. Rinse alitazama mtu wa vijiti akitembea, akageuza skrini kwa Hylkje kabla hata ya kutia sahihi. "Nakuuliza wewe kwanza," akasema.

Hylkje akatazama kwa muda mrefu. "Huyo mpe karatasi."

Jumamosi ile upepo ulikuwa wa pembeni, watu walikuwa wengi, na kila mrukaji alipewa miruko mitatu. Hylkje alihitaji mmoja wa mita kumi na nne na nusu. Alikuwa amepata siku nane tu za kugusa upondo baada ya karibu miezi kumi na minne.

Wa kwanza, alikimbia vizuri, akadaka juu, akapanda. Katikati ya safari upepo ukausukuma upondo kushoto. Tuliona sote: akiendelea, atafika mchanga kwa mguu mmoja, wa kushoto, mwili umepinda, vilevile kama mwaka jana. Mrukaji mwingine angesubiri bahati. Yeye aliachia. Aliachia kwa hiari yake, vidole vyote, akaanguka majini mgongo ukitangulia, na mfereji ukamfunika mpaka nywele.

Kisha mtu wa tarumbeta, ambaye ana kumbukumbu nzuri na adabu mbaya, akapuliza. Watu mia nne wakaangua kicheko.

Hylkje akaibuka na majani ya maji sikioni. Durk alikuwa ukingoni, uso umempauka. "Goti?"

"Goti zima. Nilichagua."

"Miaka ishirini na mitatu, Hylkje."

"Nimechoka kuwa mkavu, anko. Nipe taulo, na uwaambie wasinisogezee upondo. Upo mahali pake. Mimi ndiye niliyekimbia kidogo kulia."

Wa pili: mita kumi na nne na sentimita ishirini na moja. Alitua miguu miwili pamoja, akasimama mchangani akalikunja goti, akalinyoosha, akalikunja, bila kututazama. Sentimita ishirini na tisa zinapungua. Juu ya upondo hiyo ni kama mpando mmoja wa mkono na nusu ya mwingine.

Kabla ya wa tatu alifungua tyubu miguuni, akazifunga upya taratibu, nguo zikimchuruzika. Kipaza sauti kilikuwa hatua tatu kutoka alipoinama. Hakukisogelea. Akakimbia. Alidaka chini kidogo kuliko alivyotaka, tukasikia pumzi yake, kisha mikono ikaenda: mmoja, mwingine, mmoja, mwingine, na mguu wa kushoto ukasukuma. Niliutazama mguu ule tu. Ulikunjika, ukanyooka wote, ukakunjika, ukanyooka wote. Upondo ukalala ng'ambo, naye akatoka juu yake kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba yake.

Mpimaji akavuta utepe, akaupiga upya, akavaa miwani.

"Kumi na nne, hamsini na nane."

Jildou wa miaka kumi na tisa alishinda kwa mita kumi na sita na kitu. Hylkje alikuwa wa saba kati ya wanane, na wa nane alikuwa na mafua. Jina lake likabaki kundi la kwanza. Durk alimpa mkono, akasema, "Haikuwa mbaya," akageuka haraka kutafuta kitu machoni.

Jioni alikuwa wa kwanza mbele ya meza ya mweka hazina, nywele bado mbichi, kabla hata ya kwenda kubadili nguo.

"Si lazima leo," mweka hazina akamwambia. "Fomu za mwakani mwisho ni Desemba."

"Kalamu iko wapi?"

Ada ya mrukaji wa kundi la kwanza ni yuro tisini na tano kwa mwaka, na Hylkje aliilipa yote palepale.